Mkono Unaosoma Ukwato

Kisiwa cha Fundo kiko magharibi ya Pemba, mkabala na Wete, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni maweni: jiwe la matumbawe, udongo haba, majani yanayochipua upesi mvua ikinyesha na kukauka upesi ikikatika. Mnyama anayezurura juu ya jiwe kama hilo husuguliwa kwato kila anapokanyaga. Anayepata taabu ni yule anayeshinda kutwa kwenye kamba, penye udongo laini. Ukwato wa kondoo huota milimita 3 hadi 5 kwa mwezi, na usiposagika hujikunja, ukafunika unyayo na kufungia tope na mavi ndani. Pemba kondoo ni wachache kuliko mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo ajuaye kuwakata kwato ni mtu wa kuthaminiwa. Mimi naweza kumtazama akifanya kazi asubuhi nzima nisichoke.

Kisu hakitoi mwanzo. Kwanza humwacha kondoo atembee, akatazama kama kichwa kinainama kila mguu fulani unapogusa chini, au kama anakula kwa kupiga magoti. Ndipo humkamata na kumkalisha kitako, mgongo ukiegemea mapajani mwake, na kondoo aliyekalishwa vizuri namna hiyo hutulia tuli. Mwenye mimba kubwa hamgeuzi. Humwinua mguu mmoja mmoja akiwa amesimama. Huondoa tope kwa kijiti, kisha hupitisha kidole gumba taratibu kutoka kwenye mpaka wa nywele kushuka hadi nchani.

Hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Ukwato huota kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila kipimo cha ukwato ni kipande cha wakati. Mfuo ulio sentimita 2 chini ya nywele ni habari ya miezi mitano hivi iliyopita: homa, au kiangazi cha njaa. Mwenye kondoo huenda amesahau, lakini kidole kimegundua, na swali linalofuata ni moja tu: anakula nini?

Swali hilo lina mantiki nzito. Ukwato umejengwa kwa keratini, jamii moja na sufu na pembe, na keratini hushikamanishwa na salfa. Zinki huikomaza. Bayotini hutengenezwa na vijidudu vilivyomo tumboni mwa kondoo, mradi apate majani ya kutosha ya kucheua. Sasa fikiria maganda ya muhogo, chakula rahisi cha mifugo. Yakiwa mabichi yana sianidi, na mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa, ile ile ambayo ingejenga ukwato. Kuyaanika juani mpaka yakauke vizuri hupunguza sumu. Kondoo akiongezewa na majani ya mlonge, mlusina au mfenesi, ukwato mpya hushuka mgumu, wenye uso laini. Pumba nyingi za ghafla nazo ni hatari: tumbo huchachuka, nyama ya ndani ya ukwato huvimba, mnyama akasimama kama aliyekanyaga makaa.

Kukata kwenyewe ni kwa vipande vyembamba, sambamba na mistari ya ukwato, na mkono husimama pale weupe unapoanza kuingia uwaridi. Damu ikitoka, amekata mno. Kisu husafishwa kabla ya kwenda kwa kondoo mwingine.

Na kuna siku hakati kabisa, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Wakati wa masika, tope likikaa katikati ya kwato, huingia ugonjwa wa kuoza kwato. Harufu yake huujulisha mapema. Zamani iliaminika kwamba dawa ni kuchonga sehemu yote iliyooza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha kinyume: kondoo wagonjwa waliochomwa sindano ya oksitetrasiklini bila kukatwa kwato walipona haraka kuliko waliokatwa. Kwa kinga, kondoo husimamishwa katika maji yenye salfati ya zinki, kilo 1 kwa lita 10. Mrututu pia hutumika, lakini una shaba, na ini la kondoo hulimbikiza shaba. Akinywa maji yenye mrututu huweza kufa.

Katika jamii ya Kiislamu kama ya Pemba haya yana uzito wake siku ya Idi kubwa. Mnyama anayechechemea waziwazi hafai kuchinjwa udhiya, wala aliyekonda hata mifupa ikakosa uboho. Anayeleta kondoo kilema siku tatu kabla ya Idi hawezi kusaidiwa kwa kisu. Ukwato wa kumtembeza sawasawa siku hiyo ulitakiwa kuanza kulishwa kabla ya Ramadhani.