Bei ya Nuru

Taa za barabarani za mji wa Sharn hazina mafuta wala waya. Ndani ya kila taa umo mwali wa kichawi usiounguza wala kuzimika, na anayetaka giza hufunga kifuniko tu. Lakini mwali huo hauji bure. Kanuni zinamdai mchawi atumie vumbi la rubi lenye thamani ya sarafu 50 za dhahabu kwa kila mwali mmoja. Kwa hiyo anayetembea usiku katika mitaa ya juu, kwa matajiri, hupita taa baada ya taa. Akiteremka kwa vibarua, chini kabisa ya minara, giza linamlaki. Hakuna aliyehitaji kuandika sura nzima juu ya tofauti za matabaka mjini humo. Vumbi la rubi limekwisha kuzieleza.

Sharn ni mji wa kubuni. Uko Eberron, mojawapo ya malimwengu ya Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi mezani, kila mmoja akamwigiza mhusika wake kwa maneno, mwendesha mchezo akasimulia yanayowazunguka, na dadu zikaamua penye shaka. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mchezo huo Marekani mwaka 1974. Kwa miaka mingi malimwengu yake yalikuwa ya panga, ngome na farasi, na uchawi ulikuwa silaha ya shujaa au siri ya mzee wa mnarani. Ni nadra ulipoingia jikoni, sokoni au posta.

Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeununua mchezo, ilitangaza shindano la kutafuta ulimwengu mpya. Maandiko zaidi ya 11,000 yalipokelewa. Mshindi alikuwa Keith Baker, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika michezo ya kompyuta, na kitabu chake cha Eberron, alichokiandika pamoja na Bill Slavicsek na James Wyatt, kilitoka mwaka 2004. Baker alikuwa ameuliza swali ambalo wengi walilipita. Ikiwa uchawi unafundishika, na kila ukifanywa sawasawa unatoa matokeo yaleyale, kwa nini watu wasiugeuze kuwa kazi ya mikono, wakafungua karakana, wakaweka bei?

Jibu lake ni ulimwengu wenye mafundi wadogo wa uchawi. Yupo anayejua kuwasha taa tu, yupo anayejua kutengeneza kufuli, na wote wanaishi kwa hicho kidogo wanachokijua. Mjini kuna mawe ya kusafishia, ambayo mtu huyagusa akatakata yeye na nguo zake. Koo kubwa, ambazo baadhi ya watu wao huzaliwa na uwezo wa alama inayojitokeza kwenye ngozi, zimeshika biashara: Jorasco inatibu, Orien inasafirisha, Sivis inapeleka ujumbe, Lyrandar inaendesha meli za majini na za angani. Matibabu ya Jorasco hulipiwa, na asiye na pesa anaweza kugeuzwa mlangoni.

Kazi bora kuliko zote ni reli ya radi. Mabehewa yake hayana magurudumu. Yanaelea juu ya mstari wa mawe yaliyopangwa ardhini, na cheche za radi zinaruka kati ya mawe hayo na mengine yaliyofungwa chini ya behewa. Kinachoyavuta ni pepo wa hewa aliyefungwa ndani ya kito cha Khyber, aina ya kito kinachochimbwa chini ya ardhi na chenye uwezo wa kushika roho. Siri ya kuwafunga pepo hao imeshikwa na mafundi wa Zilargo, nchi ya watu wafupi waitwao nomu, na wanailinda kwa wivu. Kwa hiyo treni moja tu imeshabeba mchimbaji wa vito, fundi wa Zilargo, dereva wa Orien, na wafanyakazi wa kupanga mawe maili kwa maili. Mwendesha mchezo anayesema "mnapanda treni" amekabidhiwa watu hao wote bila kuwatafuta.

Halafu Baker akaikata reli hiyo. Katika historia ya Eberron kulikuwa na vita vya zaidi ya miaka 100, na karibu na mwisho wake nchi ya Cyre iliteketea siku moja kwa janga ambalo hakuna anayejua chanzo chake. Cyre ilikuwa katikati ya bara. Mistari ya reli iliyoipita ikafa pamoja nayo, na tangu hapo mtandao wa magharibi na wa mashariki haukutani tena. Mfanyabiashara anayetaka kuvuka lazima ashuke, atafute meli au msafara, alipe mara mbili, alale njiani. Hapa ndipo ufundi wa kweli unapoonekana. Chombo cha kichawi kimepewa uwezo wa kuharibika kama miundombinu yoyote, na uharibifu wake unaathiri bei ya bidhaa, safari za ndugu na mipango ya majasusi.

Meli za angani zimefuata mkondo huohuo. Kila meli imezungukwa na pete ya moto au ya wingu, ambayo ni pepo aliyefungwa. Nahodha mwenye alama ya Lyrandar humwamuru moja kwa moja. Asiye na alama hana budi kumbembeleza, na pepo anaweza kukataa. Magari ya angani ya Sharn yamebanwa zaidi: yanaruka kwa sababu mji umejengwa mahali palipokaribiana na ulimwengu mwingine, uitwao Syrania, unaokuza nguvu za kuruka. Yakitoka mbali na mji hayafanyi kazi. Mhalifu anayeiba gari la namna hiyo ana mji mzima wa kukimbilia, lakini hana nchi.

Hata ujumbe una mikono iliyoupitia. Ukitaka kumpasha habari mtu wa mji wa mbali, unakwenda kituo cha Sivis, unamwambia karani, naye anaupitisha kwenye jiwe linalosema hadi kituo kingine, ambako karani mwenzake anauandika na kuupeleka kwa mwenyewe. Kwa hiyo siri yako imesikiwa na watu wawili usiowajua. Mwenye mchawi mkubwa anaweza kutumia njia ya faragha, lakini kanuni zinampa maneno 25 tu. Ni lazima ayachague.

Na ipo gharama ambayo haihesabiwi kwa sarafu. Ukoo wa Cannith uliunda askari wa mbao, mawe na chuma waitwao warforged, wapigane vita badala ya watu. Wakaanza kufikiri, kuogopa, kujiuliza. Mkataba uliomaliza vita uliwapa uhuru na kuamuru tanuru zilizowazaa zivunjwe. Anayemwigiza mmoja wao mezani anajikuta akijibu swali ambalo wenye viwanda vya dunia yetu hulikwepa: kinachofanya kazi kina haki gani juu ya anayekitumia?

Msomaji wa pwani hatashangazwa na mantiki hii. Jini la taa na zulia liendalo angani vilikuwa katika masimulizi ya Alfu Lela U Lela muda mrefu kabla ya Gygax, naye aliwaingiza majini na zulia hilo katika mchezo wake tangu mwanzo. Waliosimuliwa hadithi hizo na bibi zao wanajua kwamba utamu wake uko kwenye masharti. Jini hutumikia aliyeishika taa, awe mwema au mwovu, na ikipotea taa, kasri huondoka nayo.

Masharti ndiyo yanayopungua sasa. Mwaka 1974 kumulika njia kwa uchawi kulikuwa na hesabu yake: mchawi mchanga aliyejiandaa kuwasha nuru alikuwa ameacha kujiandaa kwa kitu kingine, na akishaitumia imekwisha hadi apumzike. Wengine walibeba mienge iliyodumu muda wa saa moja hivi, na mtu mmoja alilazimika kuushika mwenge huku wenzake wakishika silaha. Katika toleo la mwaka 2014 nuru hiyo ni uchawi mdogo usiolipiwa chochote, wala hauna idadi. Mienge ingali imeorodheshwa kwenye bei za vifaa, lakini ni wangapi bado wanaihesabu? Kiza cha pangoni, kilichokuwa adui wa kwanza wa kila msafara, kimebaki kuwa pambo la simulizi.

Mwaka 2023 ulitoka mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, uliojengwa juu ya kanuni hizo, kazi ya kupendeza kwa mambo mengi. Humo mchezaji hubonyeza alama kwenye ramani, akatokea upande wa pili papo hapo, bila pepo aliyefungwa na bila nauli. Mazoea ya skrini yamehamia mezani. Mtu anataka kuzungumza na rafiki aliye mbali, mwendesha mchezo anampa jiwe la kusemea lisilo na mipaka, na mambo yakaendelea. Hiyo ni simu iliyovishwa joho.

Wapo wanaopinga. Mwaka huohuo wa 2023 Kelsey Dionne alitoa Shadowdark, mchezo ambao mwenge huwaka kwa saa moja ya kweli, saa ya ukutani, na ukizimika wahusika wote wamo gizani, kwa kuwa hakuna aliyepewa macho ya kuona bila mwanga. Wengi waliupokea kwa furaha, ishara kwamba ugumu huo ulikuwa umetamaniwa. Lakini Dionne ameokoa pango. Mji bado unasubiri mtetezi, kwa maana ndiko raha ya bure inakoharibu zaidi. Wachezaji wanafika Sharn kwa duara la uchawi, wanaongea na wakuu wao kwa mawe ya mfukoni, wanapona kwa dawa zisizoisha. Karani wa Sivis hana kazi katika hadithi yao. Hakuna wa kumhonga asome barua ya adui, hakuna anayekesha kituoni akingoja jibu, na janga lililoikata reli ya Cyre halimcheleweshi mtu hata siku moja.