Chungu Hiki Kimefinyangwa na Nani?

Ndugu msomaji, mbele yangu pana chungu kikuukuu kilichonunuliwa Ukata, kule Mbinga kwenye milima ya Wamatengo, kikaletwa pwani kimefungwa ndani ya kanga. Aliyekiuza aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba kimefinyangwa hapo hapo Ukata na bibi yake mzaa mama, na kwa kiapo hicho akapandisha bei. Mnunuzi, ambaye ni jamaa yangu, hakugombana. Mtu akishaapa, wewe utasema nini? Lakini mimi nimekikagua kwa muda wa wiki nzima, na napenda tukisome pamoja, kwani chungu nacho chatoa ushahidi wake, wala hakiapi.

Tazama ubavu wake. Ni mwembamba mno kwa chombo cha mkono mtupu, na mviringo wake hauna kombo. Kimepakwa udongo mwekundu kikasuguliwa mpaka kikang'aa, na mabegani kina michoro ya rangi nyeupe. Kitako ni cha duara. Ukikiweka sakafuni bila ya kata, chalala upande. Kazi ya namna hii ina kwao. Ni kazi ya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilicho jirani na Matema, wilaya ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake ndio wafinyangao. Wanaume huvipakia mitumbwini na kuvipeleka gulioni Lyulilo siku ya Jumamosi. Na ziwa ni njia: pwani hiyo hiyo yateremka Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay upande wa Ruvuma, na kutoka Mbamba Bay kupanda Mbinga si safari ya ajabu kwa chungu.

Basi yule bwana alisema uwongo? Masizi yaliyoshika kitako ni ya miaka mingi, na hapana shaka kuna mtu aliyekipikia sana. Huenda ni bibi yake kweli. Lakini kukipikia chungu si kukifinyanga, na aliyeapa juu ya jambo asilolijua amempa mmoja kazi ya mwingine, akala na bei yake.

Hata hivyo usimcheke, msomaji, kwani sisi wasomi twafanya lililo baya zaidi. Twasema "chungu cha Wakisi", twabandika karatasi, twaridhika. Kabila halifinyangi! Ingiza mkono ndani: utakuta alama za vidole vyembamba, zote zimeinama upande mmoja. Penye mchoro wa tatu mstari umeteleza, ukarudiwa. Hiyo ni haraka ya mama mmoja, siku moja, pengine mtoto alikuwa akilia. Kikiwekwa kando ya chungu chake kingine, aliyekulia kazini humo atautambua mkono huo kama wewe uutambuavyo mwandiko wa ndugu yako.

Huko Misri, zama za Khalifa al-Hakim (996–1021), mfinyanzi Muslim bin al-Dahhan aliandika jina lake juu ya sahani zake, na hata leo, baada ya miaka elfu, twamtaja. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja ya Nigeria mwaka 1974 akajifunza kwa wanawake wafinyanzi; leo vyungu vyake vina jina na mwaka kitakoni, na huuzwa Uingereza kwa fedha za kununulia nyumba. Mama wa Ikombe ana ustadi wa mkono ule ule, ila jina lake hubaki ufukweni pale mtumbwi unaposukumwa majini. Mfinyanzi hulia gaeni, twasema, kisha twacheka.

Jamaa yangu aenda Kyela mwezi ujao. Nimempa picha tatu: ya mdomo, ya michoro, na ya ndani palipo na vidole. Akafike Ikombe awaulize wakongwe wa kazi hiyo, asiwatajie jina lolote kwanza, wasije wakamkubalia kwa heshima ya mgeni. Ile karatasi niliyokuwa nimeandika "Chungu cha Ukata" nimekwisha ibandua. Mpya yasema: "Kimenunuliwa Ukata. Kimefinyangwa na mama wa Ikombe, jina lake ni", na hapo nimeacha nafasi ya mstari mzima.