Pilipili Miguuni mwa Farasi

Aliyewahi kutwanga pilipili kichaa Kisarawe kisha akajigusa jicho hahitaji mwalimu wa kemia. Maji hayasaidii. Kinachowasha ni kapsaisini, na hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana hung'ang'ania ngozi. Agosti 2008, kemikali hiyo hiyo ya jikoni iliwaondoa farasi wanne kwenye Michezo ya Olimpiki.

Mashindano ya farasi ya Olimpiki ya Beijing yalifanyika Hong Kong. Katika kuruka vizuizi, kila ufito unaoangushwa ni pointi nne za adhabu. Ngozi ya mguu iliyopakwa pilipili huwa nyepesi kuumia, hivyo farasi akigonga ufito maumivu huwa makali, na safari inayofuata atakunja miguu juu zaidi. Huo ni ukatili. Tatizo ni kwamba kapsaisini hiyo hiyo, ikipakwa mara kwa mara, hutuliza maumivu. Maduka ya dawa huiuza kama dawa ya kuchua viungo. Kitu kimoja kinaweza kumwongezea mnyama maumivu au kumfichia jeraha ili ashindane akiwa mgonjwa. Yote mawili yamekatazwa uwanjani.

Upimaji wenyewe ni kazi ya subira. Farasi hupelekwa kwenye banda la peke yake, mtu husimama nyuma yake na chombo kwenye mpini mrefu, na mara nyingi hupigiwa mluzi ili akojoe. Mkojo usipopatikana, huchukuliwa damu. Sampuli hugawanywa mbili, A na B, zikafungwa kwa lakiri na kupewa namba. Maabara haioni jina la farasi wala nchi yake. Mashine hutenganisha vilivyomo na kutambua kila molekyuli kwa uzito wake. A ikionyesha dawa, mhusika ana haki ya kudai B nayo ipimwe.

Kwa njia hiyo walinaswa Camiro wa Tony Andre Hansen wa Norway, Coster wa Christian Ahlmann wa Ujerumani, Lantinus wa Denis Lynch wa Ireland na Chupa Chup wa Bernardo Alves wa Brazil. Walisimamishwa kabla ya fainali ya mchezaji mmoja mmoja. Norway ilinyang'anywa shaba ya timu, ikaenda Uswisi. Ahlmann alifungiwa miezi minne, kisha mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikaifanya minane.

Kanuni ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, haianzi kwa kuuliza nia. Huuliza kilichomo mwilini, na wa kujibu ni mpanda farasi, hata kama aliyepaka ni mtunza banda. Kibaha, zilipo shule za mwanariadha wa zamani Filbert Bayi, wanariadha wanaijua kanuni hiyo: kilichomo mwilini mwako ni chako. Kwa farasi naiona ya haki zaidi, kwa sababu mkimbiaji anaweza kukataa kidonge. Farasi hawezi.

Hata hivyo mashine ina mpaka wake. Inasema kapsaisini imo. Haisemi kama ilipakwa mgongoni au mguuni. Kwa hiyo madaktari wa mifugo hukagua pia miguu kwa mikono na kwa kamera ya joto. London 2012, farasi Victor wa Tiffany Foster wa Kanada aliondolewa kwa sababu ya mguu mmoja wa mbele ulioumia kupita kiasi ulipoguswa, na hakuna aliyemtuhumu mpandaji kwa udanganyifu. Uamuzi ule ulimlinda mnyama kwanza, na nadhani hapo ndipo sheria hizi zilipokomaa.

FEI inataka pia kila dawa anayopewa farasi iandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na kiasi, kwa kuwa dawa halali ya juma lililopita inaweza kuwa kosa siku ya mashindano. Mfugaji wa Kibaha au Kisarawe anayemchoma ng'ombe sindano ana hesabu hiyo hiyo. Nawe andika: jina la dawa, tarehe, na siku za kusubiri zilizochapishwa kwenye chupa. Zisipotimia, maziwa ya ng'ombe huyo usiyauze.