Gia za Upepo Zinazoamriwa na Kompyuta: Kwa Nini Pedali ya Klachi Ilibaki

Mwaka 1985 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilipoanza kuweka kwenye malori yake makubwa mfumo wa EPS, yaani ubadilishaji wa gia kwa umeme na upepo, leva ndefu iliyokuwa ikitoka sakafuni mwa kebini iliondolewa, na badala yake ikawekwa leva fupi ya kusukumwa kwa vidole, isiyounganishwa na giaboksi kwa fito wala kwa chuma chochote. Katika miaka hiyohiyo Scania ya Uswidi ilitoa mfumo wa aina hiyohiyo uliojulikana kwa jina la CAG. Mifumo yote miwili iliweza kuchagua gia, kuchomoa iliyopo na kuingiza nyingine bila nguvu ya mkono wa dereva, lakini yote miwili ilimsubiri dereva akanyage klachi. Mpango huo unaweza kuonekana kama kazi iliyoishia njiani; ukitazamwa pamoja na injini za wakati wake, unaonyesha kwamba wahandisi walijua vizuri mahali pa kukomea.

Kubadili gia ya lori ni kazi tatu zinazofanyika kwa pamoja: kuamua gia ifaayo, kutoa nguvu ya kuisogeza, na kuchagua wakati ambao meno yanaweza kuachana na kukutana bila kukwaruzana. Katika giaboksi yenye gia 16, uamuzi peke yake unachosha, kwa kuwa gia hizo hazikupangwa kwa mstari mmoja. Kuna sehemu kuu yenye gia 4. Mbele yake kuna splita, ambayo huigawa kila gia katika nusu mbili, ya chini na ya juu. Na nyuma yake kuna seti ya gia za sayari iitwayo renji, ambayo huirudia safu nzima kwa mwendo wa kasi zaidi, hivyo 4 mara 2 mara 2 huzaa 16. Tofauti kati ya nusu moja na inayofuata ni takriban asilimia 20, na dereva mwenye tani 40 nyuma yake alipaswa kukumbuka yuko wapi katika mtandao huo, tena gizani, huku akitazama barabara.

EPS ilizichukua kazi mbili za kwanza. Juu na kando ya giaboksi ziliwekwa silinda za upepo, kila moja na jukumu lake: moja ya kuteua njia ya gia, moja ya kusukuma gia ndani au nje, moja ya splita na moja ya renji. Upepo, yaani hewa iliyoshindiliwa na kompresa ambayo lori linayo tayari kwa ajili ya breki, ulitolewa katika mkondo uliotengwa ili gia zisije zikamaliza upepo wa kusimamishia gari. Valvu za umeme ziliufungulia na kuufungia upepo huo, sensa zikatoa taarifa ya mahali ilipo kila silinda na kasi ya shafti, na kompyuta ikawa kati ya hayo yote na leva ya dereva. Faida moja hutajwa mara chache ingawa si ndogo: katika lori ambalo kebini hupinduliwa mbele wakati wa matengenezo, fito za gia zilikuwa balaa kuzipitisha na kuzirekebisha, na katika basi lenye injini nyuma fito hizo zilipaswa kupita karibu urefu wote wa gari. Waya haujali umbali huo.

Utendaji wake huonekana vizuri zaidi lori linapopanda mlima. Injini imeshuka hadi mizunguko 1,100 kwa dakika na inaanza kulemewa, na dereva anaivuta leva nyuma mara moja. Kompyuta inasoma kasi ya shafti ya kutokea, inaizidisha kwa uwiano wa gia zilizo chini, na kuona kwamba nusu moja tu itaifikisha injini kwenye mizunguko 1,320 hivi, kiwango ambacho mlima utakimeza mara moja, ilhali nusu mbili, yaani gia moja kamili, zitaipeleka karibu 1,600, penye nguvu ya kutosha. Namba ya gia hiyo inaonekana kwenye dashibodi kama pendekezo, wala hakuna kinachosogea bado. Dereva anapokanyaga klachi hadi chini, sensa ya pedali inaijulisha kompyuta kwamba injini imetenganishwa na giaboksi. Hapo gia iliyopo inachomolewa, renji inabadilishwa ikiwa mpaka wa gia ya nne na ya tano umevukwa, njia mpya inateuliwa, na gia inasukumwa ndani. Sinkronaiza, yaani pete yenye umbo la pia inayosuguana na gia hadi kasi zao zilingane, ndiyo inayoyazuia meno yasigongane. Gia ikishaingia, dashibodi inathibitisha, na dereva anaachia pedali. Akiiachia mapema, gia inaweza kugoma na lori likabaki katika nyutro, jambo lisilopendeza hata kidogo mlimani. Kompyuta hukataa pia ombi la hatari: injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000, gia kamili ya chini ingeipeleka karibu 2,900, na ombi hilo halitekelezwi hata leva ivutwe mara ngapi.

Kazi ya tatu, ile ya wakati, iliachiwa mguu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba injini za dizeli za malori hayo zilipata mafuta kutoka kwenye pampu ya kimekanika iliyofuata pedali ya dereva, hivyo kompyuta ya gia haikuwa na njia ya kuiambia injini ipunguze nguvu au iongeze mizunguko. Meno yanayobeba nguvu ya injini hubanana kiasi kwamba upepo hauwezi kuyachomoa bila kuumiza kitu, na njia pekee iliyobaki ya kuyalegeza ilikuwa klachi. Ya pili ni kuondoka kutoka kusimama. Kuachia klachi ya lori lililosheheni, penye mteremko, kwa namna ambayo pleti haiungui na lori halirudi nyuma, ni kazi ya milimita chache na ya hisia nyingi, na mguu uliozoea uliifanya vizuri bila gharama ya ziada.

Nchini Marekani mgawanyo huo uligeuzwa kabisa. Madereva wa huko walizoea giaboksi zisizo na sinkronaiza, ambazo hubadilishwa kwa kulinganisha mizunguko ya injini kwa sikio na kwa mguu wa mafuta, na injini zao zilianza mapema kuongozwa kwa elektroniki. Detroit Diesel Series 60, iliyotoka mwaka 1987, ni mfano maarufu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Rockwell ilitoa mfumo wa Engine Synchro Shift, ambao uliiacha leva ndefu mikononi mwa dereva na kuiweka kompyuta upande wa mafuta. Dereva alibonyeza swichi kwenye kichwa cha leva kuonyesha kama anapanda au anashuka gia, injini ikapunguza nguvu ili gia ichomoke, kisha ikajipeleka yenyewe kwenye mizunguko ya gia inayofuata, na mkono ukamalizia bila klachi kuguswa. Wajerumani, kwa maneno mengine, waliusaidia mkono wakauacha mguu. Wamarekani waliusaidia mguu wakauacha mkono, na kila upande ulikuwa na hoja kwa kuzingatia injini na giaboksi ulizokuwa nazo.

Malori mengi ya Mercedes-Benz Actros yenye gia za EPS yaliuzwa yakiwa yametumika Ulaya, na baadhi yake yamebeba mizigo kwa miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, yakipanda na kushuka mlima Kitonga. Kwa fundi wa gereji tofauti kubwa ni kwamba leva haimwambii kitu tena. Zamani sinkronaiza iliyolika ilijulikana kwa kiganja, leva ikitetemeka au kukataa. Sasa gia hugoma kwa namna ileile iwe kosa ni pete iliyolika, oringi ya silinda inayovujisha upepo, maji yaliyopita kwenye kikausha hewa kilichochoka, klachi isiyoachia kabisa, au soketi ya waya iliyoingia vumbi. Ndiyo maana walioutengeneza mfumo waliweka swichi ya dharura inayompa dereva gia chache tu, zikiwemo ya kuondokea na rivasi, za kulitoa lori barabarani.

Injini za elektroniki zilipoenea Ulaya, sababu ya kwanza ya kuubakiza mguu iliondoka. Opticruise ya Scania, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1990, ilibadili gia lori likiwa mwendoni kwa kuiongoza injini yenyewe, bila klachi. I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, iliacha kabisa sinkronaiza katika sehemu kuu ya giaboksi, kwa kuwa injini na breki ndogo ya shafti vilitosha kulinganisha kasi, na haikuwa na pedali ya klachi. Scania yenyewe iliendelea kuweka pedali ya kuondokea na kusimamia hadi mwaka 2009, ilipotoa Opticruise isiyoihitaji.