Niko Kadi: Niko Wapi?

Nilishindwa mchezo nikiwa nimemaliza kadi zote. Ilikuwa jioni hapa Machakos, stima imepotea mtaa mzima, na tulikuwa watatu kwenye ngazi, tochi ya simu imeegemezwa ukutani: mimi, binamu yangu, na mama mmoja jirani anayenizidi miaka thelathini hivi, na akili ya kadi zaidi ya hiyo. Atakayebaki na kadi nyingi angechota maji. Jerikeni nne, kutoka tangi la chini hadi ghorofa ya tatu. Juu ya rundo kulikuwa na 7 ya maua. Mkononi nilikuwa na tatu: Q ya maua, 8 ya maua na 5 ya maua. Nikazishusha zote kwa mpigo, swali, swali, jibu, nikainuka.

"Kaa chini," mama akasema. "Hukusema uko kadi."

"Lakini mama, nilikuwa na kadi tatu!"

"Tatu za nini? Ulikuwa kadi tangu raundi iliyopita."

Nilichota maji. Lakini kesi ile haijatoka kichwani, na leo nataka kuisoma jinsi tunavyosoma shairi, neno kwa neno, kwa sababu sheria hii nzima ni maneno mawili tu.

Kwa asiyecheza: kadi ya Kenya, ambayo wengine huita poka ingawa haina uhusiano na poka ya kasino, ni mchezo wa kujiondolea mzigo. Unafuata aina au namba ya kadi iliyo juu. Zenye namba moja unaweza kushusha pamoja. 2 na 3 zinamlisha anayefuata, J inamruka, K inarudisha mchezo ulikotoka. Q na 8 ni maswali, na swali lazima ulijibu mwenyewe, kwa kadi ya aina ileile. Huwezi kumaliza na kadi yenye kazi maalum. Na kabla ya kumaliza, raundi moja mapema, lazima uwe umetangaza: niko kadi.

Sasa, uko kadi lini hasa? Hapo ndipo nyumba zinagawanyika. Shule ya kwanza inasema ni pale unapobaki na kadi moja. Shule ya pili inasema ni pale unapoweza kumaliza kwa zamu moja, ziwe kadi ngapi. Mimi nilifundishwa ya kwanza, hosteli, kwenye chuo ambacho kadi ndiyo kozi pekee niliyoimaliza. Mama alijifunza ya pili sijui wapi. Hakuna kitabu cha kuamua kati yetu. Sheria imesafiri kwa mdomo, kutoka bweni hadi hosteli hadi kwa kinyozi, na kila kituo kimeongeza chumvi yake.

Nadhani shule yangu imeathiriwa na UNO. Mchezo huo ulibuniwa na kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, mwaka 1971, na jina lake ni "moja" kwa Kihispania na Kiitaliano. Pale neno linahesabu: ukibaki na moja, unasema moja, basi. Sisi tukachukua hesabu hiyo tukaipachika kwenye neno letu bila kuuliza kama linakubali.

Halikubali. Tazama sarufi. Mtu hasemi "nimebaki na kadi moja." Hasemi hata "niko na kadi," ambayo ndivyo Mkenya angesema akitaka kueleza alichonacho: niko na njaa, niko na soo mbili. Ile "na" haipo. Inabaki "niko kadi," kama vile niko njiani, niko kazini, niko Machakos. Hiyo "-ko" ni ya mahali. Msemaji hatuambii ana nini mkononi, anatuambia amefika wapi. Na mahali penyewe pameitwa jina la kitu, sawa na kondakta anayeambiwa "niko stage" akaelewa bila maswali.

Hata neno "kadi" lenyewe ni la huku bara. Pwani wana karata, na kopa, uru, shupaza na pau, maneno yaliyoachwa na Wareno pamoja na Fort Jesus waliyoanza kuijenga mwaka 1593: vikombe, dhahabu, panga na magongo. Sisi tuliichukua "kadi" kwa Waingereza, na yale magongo tukayatazama tukaona maua. Napenda sana hilo, kwamba mtu alitazama picha akaita alichoona. (Waganda nao wana Matatu, ndugu wa mchezo huu, ambapo 7 inaweza kuukata mchezo na watu wakahesabu pointi. Hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Turudi kwenye ngazi. Jaribu kila usomaji kwenye ncha zake. Ukishika hesabu, mimi mwenye Q, 8 na 5 sitalazimika kusema neno lolote, nitapita kutoka tatu hadi sifuri na wenzangu hawajapata onyo. Na yule aliyebaki na K peke yake lazima atangaze yuko kadi, wakati kila mtu anajua K haimalizi mchezo. Akiishusha atabaki bila kadi, akisubiri kuokota. Mwenye onyo ananyamaza, asiye na onyo anapiga kelele. Sheria ya hivyo hailindi mtu. Kwa usomaji wa mama, mimi nasema, mwenye K ananyamaza, na neno linafanya kazi iliyoliumba: kuwapa wengine zamu moja ya kujitetea.

Nakubali udhaifu wake. Kadi moja inaonekana kwa macho, hata mtoto ataihesabu. Kuwa mahali haionekani. Ukisema "niko kadi" na kumbe uko mbali, nani atakushika? Anayetengeneza mchezo huu kwenye simu lazima aamue, na ninashuku wengi watachagua kuhesabu kwa sababu mashine inapenda kuhesabu. Lakini hata sheria iliyochapishwa haimalizi ubishi. Mwaka 2019 wenye UNO waliandika Twitter kwamba huwezi kurundika kadi ya kuokota juu ya nyingine ili mzigo umwangukie anayefuata. Dunia ikawajibu kwamba nyumbani kwao wataendelea kurundika.

Nilimwambia mama haya yote wiki iliyofuata, mpaka na ile "-ko." Akasikiliza, akasema, "Sasa gawa."

Katikati ya mchezo akatangaza yuko kadi akiwa na kadi tisa mkononi. Nikazitazama zile tisa, nikafikiria maswali na majibu, pacha za 6, sijui nini. Nilikuwa na 2 ya moyo niliyoitunza tangu mwanzo. Nikamlisha nayo. Akaokota mbili, taratibu kabisa. Binamu yangu, aliyekuwa ametangaza kwa sauti ya chini raundi iliyopita na mimi sikumsikia, akaweka 9 ya moyo na mchezo ukaisha.

"Mama, ulikuwa kadi kweli?"

"Wapi! Nilitaka tu kuona uso wako."

Alikuwa na kumi na moja, kwa hiyo jerikeni zilikuwa zake. Lakini huwezi kukaa ukitazama mama wa umri ule akipanda ngazi na maji. Nilishuka kuchota.