Mteremko Hushukwa kwa Gia

Mwendesha boda hodari utamjua mteremkoni. Kwenye lami ya Barabara ya Ngong kila mtu ni dereva: pikipiki inakwenda, taa zikiwaka nyekundu inasimama, na abiria hana cha kusifu wala cha kulaumu. Mpe mtu huyo huyo kazi ya kutoka Olympic kushuka Gatwekera asubuhi baada ya mvua, wewe nyuma yake na gunia la viazi nyuma yako, ndipo utakapojua kama umebebwa na fundi au na mtu aliyevaa rifleketa tu.

Kibera imelala ubavuni mwa kilima. Juu kuna Kibera Drive, Olympic na Makina. Chini kabisa kuna mto Motoine na Bwawa la Nairobi. Katikati zimebanana Kianda, Soweto, Gatwekera, Lindi na Silanga, na vichochoro vinavyoteremka kati ya kuta za mabati huku mtaro wa maji machafu ukikata njia popote unapotaka. Kawangware haina miteremko mikali hivyo, lakini imejaliwa udongo mwekundu wa Dagoretti, ambao ukilowa hauna urafiki na tairi. Waendeshaji wa sehemu hizi mbili wanajua jambo moja ambalo abiria wengi hatulitambui hata tukilikalia: kwamba breki ya kwanza ya pikipiki ni injini yake.

Mtazame mmoja wao anavyofanya. Mteremko haujaanza, tayari ameachia mafuta. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinavuta klachi, mguu wa kushoto unarudisha gia, kutoka ya tatu hadi ya pili, na katikati ya hayo mkono wa kulia unapiga mafuta kidogo, mlio mfupi tu, ili injini ichangamke ilingane na mwendo wa gurudumu. Kisha klachi inaachiwa polepole. Sauti ya injini inapanda, mwendo unashuka. Hakuna mshtuko. Helmeti yako haimgongi kisogoni, na hicho ndicho kipimo changu cha dereva, maana kwa dereva mbovu helmeti mbili hugongana kila penye tuta. Njia ikizidi kuinama anarudi gia ya kwanza, na pikipiki inateremka kwa mwendo wa mtu mwenye haraka zake, ikimpita mama wa mandazi, mkokoteni wa mitungi ya maji na watoto wa shule, bila gurudumu kufungwa hata mara moja. Wazee wa kazi wana kanuni yao: gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kuushukia.

Kinachotokea ndani ya chuma kinastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hukielewa kombo. Ukiachia mafuta, mlango wa hewa kwenye kabureta hufungwa karibu wote. Lakini gurudumu la nyuma bado linazunguka, cheni inaivuta injini, na pistoni inalazimika kushuka ikitafuta hewa isiyopatikana. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pistoni hufanya kazi hiyo ya bure mara 2,000, na kila mara hupokonya pikipiki sehemu ndogo ya mbio zake. Ongeza msuguano wa ringi, wa valvu na wa gia zenyewe zinazojikoroga ndani ya oili. Watu husema ni mgandamizo unaoshika. Mgandamizo unachokichukua pistoni ikipanda, hukirudisha kwa sehemu kubwa pistoni ikishuka. Mshikaji hasa ni ule mlango uliofungwa. Na gia ya pili hushika kuliko ya nne kwa sababu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, injini inazungushwa mara nyingi zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mshiko huo ni hafifu kidogo kuliko ambavyo ungekuwa Mombasa. Bahati mbaya Mombasa haina Gatwekera ya kuujaribia.

Ufundi huu haukufundishwa darasani. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina zilimiminika mitaani, na vijana wengi walijifunza kwa rafiki, uwanjani, Jumapili alasiri. Kinachofundishwa Jumapili ni kwenda. Kupunguza mwendo mtu hujifunza mwenyewe, au husimuliwa stejini wakati kazi imelala, na wengine hawajifunzi kabisa.

Hao wasiojifunza wana dhambi yao kubwa: kuachia free. Dereva anafika juu ya mteremko, anatoa gia, pengine anazima injini kabisa, na pikipiki inateremka kimya. Hoja yao ni mafuta, na siwezi kuipuuza. Mwaka 2023 petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita, na kila tone lina bei. Lakini hesabu yenyewe haiwi vile wanavyodhani. Injini inayozunguka kwa nguvu ya gurudumu huku mafuta yameachiwa hunywa kidogo sana, na kinachookolewa na free kwenye mteremko wa mita mia mbili hakitoshi kununua andazi. Madereva wa malori walifanya hesabu hiyo hiyo kwenye mteremko wa Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na sifa ya ajali ya mahali pale kila Mkenya anaijua. Lori likishaingia free mteremkoni, breki hubeba mzigo wote peke yake, hupata moto, na zikipata moto hulegea.

Pikipiki nyingi za boda zina breki za dramu, mbele na nyuma, nazo zina udhaifu wa pili kando na joto: maji. Pita kwenye dimbwi refu na maji yakaingia ndani ya dramu, na kwa muda kidogo unabonyeza breki bila kupata jibu. Injini hailowi kwa namna hiyo. Mshiko wake ni ule ule wakati wa vumbi na wakati wa masika. Tena hushika gurudumu la nyuma pekee, taratibu, na kwenye matope ya Kawangware hiyo ni baraka, kwa kuwa anayefinya breki ya mbele juu ya udongo uliolowa huku ameinamia bonde ataangukia bega kabla hajajua kimetokea nini.

Sisemi kwamba injini inatosha. Mtoto akikatiza ghafla kwenye lami kavu, ni breki ya mbele itakayomwokoa, ikisaidiwa na ya nyuma, na dereva anayeiogopa ya mbele maisha yake yote bado ni mwanafunzi. Pia kuna kasoro moja ambayo hodari huijua na mkurupukaji haijui: ukipunguza mwendo kwa gia, taa ya breki haiwaki. Matatu iliyokufuata kutoka steji ya Kawangware 46 haina habari kwamba umepunguza. Kwa hiyo fundi, huku injini ikimshika, hugusa kibonyezo cha breki kidogo tu, breki zenyewe zikiwa hazijaanza kuuma, ili taa ya nyuma iseme kwa niaba yake. Nimeliona hilo mara nyingi kwenye Barabara ya Naivasha, na kila mara hulipenda, kwa kuwa ni adabu inayofanywa kwa kidole kimoja kwa ajili ya mtu asiyejulikana.

Na mwenye haraka ya kuachia klachi ghafla asijidanganye kwamba anafanya kazi hiyo hiyo. Gurudumu la nyuma litadunda na kuteleza, cheni itapigwa mshtuko, na meno ya sproketi yataisha mapema. Fundi wa gereji akiangalia sproketi atakuambia mwenye pikipiki ana mkono gani.

Sasa zimeingia pikipiki za umeme, na Nairobi ni mojawapo ya miji ambako zimekubalika haraka. Hazina klachi wala gia za kurudisha, na hakuna pistoni ya kunyimwa hewa. Zile zinazoweza kuirudisha nguvu ya mteremko kwenye betri hushikwa na mota yenyewe. Nyingine huteremka kama zimeachiwa free, na dereva aliyezoea Boxer inambidi aanze upya kuisoma njia.

Lakini Boxer bado zimejaa stejini. Basi ukipanda moja Olympic au Kawangware, usimharakishe dereva mteremkoni, wala usidhani ule mlio wa injini ni pikipiki kuumizwa. Na ukisikia injini imenyamaza ilhali mnaelekea bondeni, mguse begani, umwambie arudishe gia.