Kicheko na Damu: Upokezi wa Filamu ya Bonnie and Clyde
Filamu ya Arthur Penn (1967) kuhusu wapenzi wawili majambazi wa Marekani, waliouawa na polisi mwaka 1934, iliwagawa wahakiki. Bosley Crowther wa New York Times aliishutumu kwa kuugeuza uhalifu kuwa mzaha. Pauline Kael aliitetea katika The New Yorker. Joe Morgenstern wa Newsweek aliiponda, akaitazama tena, kisha akaitengua hadharani hukumu yake.

Kiini cha mgogoro huo si wingi wa damu bali nafasi ya kicheko. Katika tukio moja la wizi wa benki, dereva C.W. Moss anaegesha gari mahali finyu, na majambazi wanapotoka mbio hawezi kulichomoa upesi. Mtazamaji anacheka. Ghafla mfanyakazi wa benki anadandia gari. Clyde anampiga risasi usoni. Kicheko kinakatika, na aliyecheka anajikuta mshirika wa wauaji.

Crowther alikihukumu kicheko bila kukupa uzito kukatika kwake. Maudhui ya filamu hii hayatenganishiki na fani inayoyabeba: mzaha wake ndio unaomshitaki mtazamaji.